Grace Hopper, mama aliyeipa kompyuta maneno ya watu

Vijana wa Kasongo na Kabambare wanaojifunza kuandika programu hukutana na amri za Kiingereza. Haikulazimu kuwa hivyo.

Grace Hopper, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1906, alifundisha hesabu kabla ya kuingia jeshi la majini mwaka 1943. Kompyuta za wakati ule ziliamriwa kwa tarakimu. Yeye alitaka maneno ya kawaida. Katika miaka ya 1950 aliwaonyesha wakubwa wake kazini programu yenye amri za Kiingereza, kisha za Kifaransa na Kijerumani. Walishtuka: mashine ya Marekani isikie lugha za wageni? Kiingereza peke yake kikabaki. Kiswahili nacho kingewezekana.

Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959. Hopper alifariki tarehe 1 Januari 1992.