Jemadari Imamura: Aliyewatoa Askari Wake Hai Rabaul

Alhamisi ya tarehe 6 Septemba 1945, mzee wa Kijapani mwenye umri wa miaka 59 alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Glory, iliyokuwa nje ya kisiwa cha New Britain, kaskazini-mashariki ya Australia. Mbele ya Jenerali Sturdee wa jeshi la Australia aliutoa upanga wake akauweka mezani, kisha akatia sahihi. Kwa sahihi ile askari wa Kijapani karibu 140,000, waliotapakaa New Guinea, New Britain na visiwa vya Solomon, wakawa wamesalimu amri. Mzee huyo ni Jemadari Hitoshi Imamura.

Wazee wetu walioingia Keya wakapelekwa Burma, au Bama kama walivyopenda kuiita, walirudi na sifa moja ya Mjapani ambayo hawakuisahau: kwamba hakamatiki hai. Na hapa pwani tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Meli Khedive Ismail iliyong'oa nanga Mombasa mwezi wa Februari 1944 ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives tarehe 12 ya mwezi huo huo. Watu karibu 1,300 walikwenda na maji, na miongoni mwao mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Basi watu wakaona kwamba Wajapani wamezaliwa na ukaidi katika damu. Maisha ya Imamura yanatuonyesha kuwa ukaidi ule ulisomeshwa kama yanavyosomeshwa mambo mengine, tena kwa kitabu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waalimu wake.

Imamura alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Sendai, mtoto wa hakimu. Alimaliza chuo cha maofisa mwaka 1907, na mwaka 1915 akatoka chuo kikubwa cha jeshi akiwa wa kwanza katika darasa lake. Darasani humo alikuwamo pia Hideki Tojo, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu na kuitia Japani katika vita na Marekani. Imamura alitumwa Uingereza, kisha India, na aliporudi akapanda cheo baada ya cheo hata akaongoza divisheni nzima katika vita vya China.

Mwaka 1940 alipewa kazi ya kusimamia mafunzo ya jeshi. Ofisi aliyoiongoza ndiyo iliyoandaa kijitabu cha maadili ya askari vitani, kiitwacho Senjinkun, kilichotolewa Januari 1941 kwa jina la Tojo, wakati huo Waziri wa Vita. Kijitabu hicho kilimwamuru askari asikubali kuishi na aibu ya kuwa mateka. Ilikuwa sentensi fupi tu, lakini watu wangapi iliwaua! Kutoka Attu hadi Saipan, walioshindwa walijilipua kwa mabomu ya mkono au wakakimbilia midomo ya bunduki za adui kifua wazi, ilhali mlango wa kutoka ulikuwa wazi.

Vita vilipofika Asia ya kusini, Imamura alipewa jeshi la kuiteka Java kutoka kwa Waholanzi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1942, katika ghuba ya Banten, meli yake ilizamishwa na topido zilizofyatuliwa na manowari ya Wajapani wenyewe zikakosa shabaha. Jemadari akaelea baharini kwa saa kadhaa, mwili mzima mafuta meusi, mpaka akafika pwani. Siku nane baadaye Waholanzi walisalimu amri.

Kwa sisi Waislamu, habari za Java zina uzito wake, kwani ile ni nchi ya misikiti na vyuo. Imamura alitawala kwa mkono mwepesi kuliko majemadari wenziwe. Sukarno, ambaye Waholanzi walimfukuzia uhamishoni, alirejea Java Julai 1942, na Imamura akamwita, akamsikiliza na kumpa nafasi. Wakubwa wa Tokyo walinung'unika kwamba analegeza kamba mno. Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni katika utawala wake huo huo Sheikh Hasyim Asy'ari, mwasisi wa Nahdlatul Ulama, mzee aliyepindukia sabini, alitiwa gerezani kwa miezi kadhaa kwa kukataa kuinama kuelekea kwa Mfalme wa Japani. Sheikh alijua rukuu ni ya nani. Na Imamura alipoondoka mambo yakazidi kuwa mabaya: vijana wa Java walisombwa kwa maelfu kwenda kufanya kazi za nguvu, na wengi hawakurudi.

Novemba 1942 alihamishiwa Rabaul, mji wa bandari katika New Britain uliozungukwa na volkeno, awe mkuu wa majeshi yote ya nchi kavu ya upande ule. Jambo la kwanza lililomkuta ni Guadalcanal. Katika kisiwa hicho Wajapani zaidi ya 20,000 walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi wala si kwa risasi. Februari 1943 walionusurika, kiasi cha 10,000 na kitu, walichukuliwa usiku kwa meli, mifupa mitupu iliyovikwa ngozi.

Hapo ndipo mtu huyu alipofanya lile linalonifanya nimwandike. Alikwisha ona kuwa meli za chakula kutoka Japani zitakatika, akaamuru kila kikosi kishike jembe. Askari walifyeka msitu, wakapanda mihogo, viazi vitamu na mboga, wakafuga kuku. Jemadari naye alikuwa na shamba lake, akilima kwa mkono wake. Huku wengine wakichimba mapango na njia za chini kwa chini milimani, za hospitali, za ghala, za malazi. Wamarekani walipotazama ngome ile waliona kuishambulia ni kupoteza watu bure. Wakaamua kuipita pembeni na kuifungia njia za baharini ili ikauke yenyewe. Tangu mwanzo wa 1944 Rabaul ilikuwa haiingii kitu wala haitoki kitu, na ndege za adui zikiipiga daima. Haikukauka. Makumi ya maelfu ya askari walikula mihogo yao mpaka siku ya mwisho.

Ukitaka kuujua uzito wa jambo hilo, litazame jeshi la jirani, chini ya Jemadari Hatazo Adachi, ambaye mkubwa wake alikuwa Imamura huyo huyo. Katika watu kama 140,000 waliotumwa New Guinea ya mashariki, waliosalia hai siku ya kusalimu amri huko Wewak, tarehe 13 Septemba 1945, walikuwa kiasi cha 13,000.

Tarehe 15 Agosti 1945 sauti ya Mfalme Hirohito ilisikika redioni ikitangaza kwamba vita vimekwisha. Huko ng'ambo palikuwa na mamilioni ya askari ambao hawakushindwa mahali walipo. Katika China peke yake walikuwa zaidi ya milioni moja, na wakuu wao wakatia sahihi Nanjing tarehe 9 Septemba. Wa Singapore walifuata tarehe 12. Rabaul ilikuwa na silaha, chakula na mapango, na ingeweza kupigana. Mtu ambaye ofisi yake iliandika kwamba kutekwa ni aibu, ndiye aliyewaambia watu wake watoke na waziweke silaha chini. Wengi wao walirudishwa kwao mwaka 1946.

Simfanyi walii. Katika mapango yale yale waliteseka mateka wa Kichina na wa Kihindi, Waislamu miongoni mwao, walioletwa huko kufanyishwa kazi, na wengi walipigwa na kuuawa. Wanawake pia waliletwa kutoka Korea na kwingineko kwa ajili ya askari, jambo ambalo kalamu inaona haya kulieleza. Mahakama ya kijeshi ya Australia ilimhukumu Imamura miaka kumi mwezi wa Mei 1947 kwa kushindwa kuwazuia watu wake. Kabla ya hapo alikuwa ameandika mwenyewe kuomba kesi yake iharakishwe. Adachi alipata kifungo cha maisha, na Septemba 1947 akajiua gerezani kwa kisu.

Waholanzi nao walimdai Imamura kwa mambo ya Java. Akapelekwa huko, akashtakiwa, na mwisho wa 1949 wakamwachilia. Ikabaki kifungo cha Australia, ambacho angeweza kukimalizia katika gereza la Sugamo, mjini Tokyo, karibu na jamaa zake. Aliomba apelekwe kisiwa cha Manus, kwenye jua kali na malaria, walikofungwa maofisa na askari wake. Akakubaliwa, akaenda mwaka 1950, na huko akakaa nao mpaka gereza lilipofungwa mwaka 1953 na wote wakarudishwa Japani.

Aliachiliwa mwaka 1954. Uani kwake palijengwa kibanda kidogo cha chumba kimoja, akajifungia humo kama kwamba kifungo hakijesha. Humo aliandika kumbukumbu zake, na fedha za vitabu akazigawa kwa jamaa za askari waliokufa na walionyongwa. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1968, akiwa na miaka 82.

Siku alipofariki, Luteni Hiroo Onoda alikuwa bado yumo msituni katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, na bunduki yake. Hakutoka mpaka Machi 1974, alipofuatwa mkubwa wake wa zamani Japani na kuletwa kumsomea amri ya kuweka silaha chini.