Fumo Bakari na Msitu wa Witu

Msafiri atokaye Garsen kuelekea Lamu huuacha Mto Tana nyuma yake, akapita nyanda za delta, kisha akafika Witu. Mji huu mdogo uliwahi kuwa makao ya usultani, na sultani aliyejulikana zaidi baada ya mwasisi wake ni Fumo Bakari bin Ahmed. Utawala wake haukutimiza miaka miwili. Hata hivyo, katika muda huo mfupi alikabiliana na madola mawili makubwa ya Ulaya, na kiini cha mkabala huo kilikuwa miti.

Fumo Bakari alitoka katika ukoo wa Wanabahani, watawala wa Pate, ambao habari zao zilihifadhiwa kwa kalamu na kwa mdomo na watu wa ukoo huo huo, akiwamo Bwana Kitini. Nguvu za Masultani wa Zanzibar zilipoenea katika visiwa vya Lamu, Sultani Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, alihamia bara na kuustawisha mji wa Witu katika miaka ya 1860. Hakuwa na ngome ya mawe kama ya Lamu au Siyu, bali ngome yake ilikuwa msitu. Miti iliyosongamana iliuzunguka mji, na njia nyembamba ziliishia kwenye malango yaliyolindwa kwa silaha. Humo walikimbilia watoro waliotoroka utumwa mashambani, pamoja na watu waliohasimiana na Zanzibar. Hata hivyo, si haki kuufanya Witu kuwa pepo ya uhuru, kwani wakulima wa Kipokomo wa kando ya Tana waliteswa mara kwa mara na mashambulizi yaliyotoka huko.

Mwaka 1885 Simba aliingia mkataba na ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na Ujerumani ikautangazia Witu ulinzi wake. Simba alipofariki mwaka 1889, Fumo Bakari alikirithi kiti pamoja na mkataba huo. Mara moja alijikuta akivutana na Kampuni ya Waingereza kuhusu ushuru wa mfereji wa Belezoni, uliouunganisha Mto Tana na Mto Ozi. Mfereji huo ulikuwa na thamani kubwa kwa biashara ya delta, na baadaye mto wenyewe ukaifuata njia hiyo hadi baharini Kipini.

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Lakini tarehe 1 Julai 1890 fahali hao walipatana: kwa mkataba uliotiwa saini Ulaya, Ujerumani ilijitoa Witu na kuiachia Uingereza nafasi yake. Sultani hakushauriwa. Aliyeahidiwa ulinzi akajikuta amekabidhiwa kwa mshindani wa mlinzi wake.

Ni katika hali hiyo Mjerumani Andreas Küntzel aliwasili na wenzake mwaka huo huo, akiwa na azma ya kuanzisha kiwanda cha kupasua mbao. Fumo Bakari aliwazuia wasikate miti. Kwa mfanyabiashara, msitu ulikuwa mbao zinazongoja msumeno; kwa sultani, ulikuwa ukuta wa mji wake. Kila mti ulioanguka ulipunguza unene wa ukuta huo, tena wakati ambapo hakuwa na mlinzi mwingine wa kumtegemea. Tarehe 15 Septemba 1890 ugomvi uliishia kwa risasi kwenye lango la Witu. Küntzel akauawa pamoja na wenziwe, na wengine waliokuwa nje ya mji wakauawa pia.

Historia ina kinaya chake. Mwaka 1698 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzungushia uzio sehemu za New Forest, msitu wa wafalme, ili miti ikue kwa ajili ya manowari. Kumbe mtawala kuufunga msitu wake kwa sababu za ulinzi halikuwa jambo geni kwa Waingereza. Lakini aliyefanya hivyo Witu alihesabiwa mhalifu. Fumo Bakari hakujisalimisha ahukumiwe, na mnamo Oktoba Admeri Edmund Fremantle aliteremsha mamia ya wanamaji na askari Kipini. Tarehe 27 Oktoba 1890 mji wa Witu ulitekwa, ukateketezwa kwa moto. Mkonumbi nao ulichomwa.

Sultani hakukamatwa. Alirudi kule kule kulikomlinda, akajificha msituni Jongeni, huku zawadi ya rupia 10,000 ikitangazwa kwa atakayemtoa. Alifariki huko Januari 1891, na uvumi wa kwamba alilishwa sumu ukaenea. Nduguye Fumo Omari aliendeleza ukaidi huo, hata Waingereza wakalazimika kuzishambulia ngome za msituni za Pumwani na Jongeni mwaka 1893.

Ukanda huu ndio simulizi zinaoutaja kuwa nchi ya Fumo Liyongo, na Kipini ndipo kaburi lake linapoonyeshwa. Liyongo alikimbilia msituni akawa shujaa wa tenzi. Fumo Bakari, mwenye jina la heshima lile lile, alikimbilia msitu uo huo, lakini kumbukumbu zake nyingi ziliandikwa na waliouchoma mji wake. Deni la kumsimulia kwa Kiswahili bado halijalipwa.