Isaya Mukirane: Mwalimu aliyekuwa mfalme mlimani

KILA siku ya soko, wachuuzi wa samaki kutoka hapa Kahendero hupita Bwera kwenda Mpondwe, na wengine huvuka mto Lubiriha hadi Kasindi. Njia nzima milima ya Rwenzori iko mkono wao wa kulia. Wengi wanajua kwamba huko juu palikuwa na mfalme. Wachache wanakumbuka kwamba mfalme huyo, kabla ya kutawazwa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Jina lake ni Isaya Mukirane, ambalo wengine huliandika Mukirania. Mimi nilisikia habari zake utotoni, tukiwa uhamishoni Kongo, ambako nilisomeshwa kwa Kiswahili na Kifaransa. Niliporudi nikapewa darasa, niligundua kwamba nusu ya watoto hawanielewi, nami siwaelewi. Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria Mukirane kama mwalimu mwenzangu.

Ugomvi wake ulianzia darasani. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Toro uliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya Omukama wa Toro. Watoto wao walifundishwa kwa Kitoro. Shule kwao zilikuwa chache, na nafasi za masomo ya juu na kazi za serikali ziliwaendea zaidi Watoro. Mwalimu Mkonzo alilazimika kumwambia mtoto aache lugha ya mama yake mlangoni.

Katika miaka ya 1950 Mukirane aliongoza chama cha kutafiti historia ya Wakonzo. Mwaka 1954 alimtembeza mlimani mwandishi Mwingereza, Tom Stacey, akiwa mkalimani wake. Chama kilikusanya habari za wazee, zikiwemo za Nyamutswa na wenzake wawili walionyongwa mwaka 1921 kwa kuasi utawala huo. Kilichoanza kama somo la historia kikageuka kuwa siasa.

Uhuru ulipokaribia, Mukirane alikuwa mjumbe katika Rukurato, baraza la Toro. Yeye na wenzake, akina Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walidai katiba ya Toro iwatambue Wakonzo na Waamba sawasawa na Watoro. Walipokataliwa, wajumbe wa makabila hayo mawili walitoka barazani mwezi Machi 1962. Viongozi hao watatu walikamatwa. Mukirane alipopata dhamana hakurudi mahakamani, alipanda mlima.

Tarehe 30 Juni 1962, miezi mitatu na siku kadhaa kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ilitangazwa kuwa nchi yake yenyewe. Mwaka uliofuata Mukirane akawa mfalme wake. Serikali yake ya mlimani ilikuwa na mawaziri, mahakama, kodi na shule.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo pananiuma mimi kama mwalimu. Aliyeanza kwa kudai shule bora aliongoza vita ambamo shule hazikusalimika. Serikali ilitangaza hali ya hatari Februari 1963. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa pande zote, Watoro waliokuwa majirani wakafukuzwa, na familia nyingi zikakimbia. Mtoto aliyekuwa darasa la pili mwaka 1962 huenda hakushika kalamu tena. Madai yake yalikuwa ya haki, lakini gharama yake ililipwa pia na watoto aliotaka kuwatetea. Anayemsifu bila kulisema hili hamtendei haki.

Mukirane alifariki mlimani Septemba 1966, akamwachia kiti mwanawe, Charles Wesley Mumbere, mvulana ambaye hata miaka 15 alikuwa hajatimiza. Mwaka 1974 Wakonzo na Waamba walipata wilaya zao, ambazo leo ni Kasese na Bundibugyo. Mumbere alishuka mlimani mwaka 1982, na mwaka 2009 serikali ikautambua rasmi ufalme wa Rwenzururu.

Lakini tarehe ninayoiona mimi kuwa jibu kwa mwalimu yule ni mwaka 2007. Ndipo Uganda ilipoanzisha mtaala unaotaka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani. Lukonzo ni mojawapo. Jibu lilichelewa miaka 41 baada ya kifo chake.

Sisi tuliorudi kutoka ng'ambo tunaleta watoto wanaozungumza Kiswahili, Kinande na Kifaransa kidogo. Wavuvi wa hapa nao wana lugha zao. Sasa ni zamu yetu kuwa makini. Mtoto wa kabila dogo darasani mwangu asije akaachwa nyuma kwa sababu lugha yangu ndiyo kubwa. Ninapoingia darasani asubuhi, huanza kwa kuuliza nani hakuelewa jana, kisha humtafuta mwenzake wa kumfasiria.