Zubayr bin Al-Awwam (RA): Ardhi, deni na wasia wa Sahaba mwaminifu

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yanayovunja udugu wa damu katika zama zetu, ni machache yanayoshinda ugomvi wa nyumba, viwanja na mashamba. Mzee hufariki, na kabla machozi hayajakauka watoto wa baba mmoja wameshafikishana mahakamani. Mmoja ameshika hati, mwengine ameshika funguo, na wa tatu anadai kwamba marehemu alimuahidi kwa mdomo. Na mdai naye yuko mlangoni, mkononi ana karatasi ambayo hakuna mwanafamilia aliyewahi kuiona. Kwa ajili hiyo, Ijumaa ya leo tuyatazame maisha ya Sahaba mmoja mtukufu aliyemiliki ardhi na majumba katika miji mingi, akafa na deni kubwa mno, na bado mali yake haikuwagombanisha warithi wake wala haikumdhulumu mdai wake.

Sahaba huyo ni Zubayr bin Al-Awwam bin Khuwaylid (RA). Mama yake ni Bibi Safiyya binti Abdul-Muttalib, shangazi yake Mtume (SAW), na Bibi Khadija binti Khuwaylid (RA) ni shangazi yake yeye Zubayr. Alisilimu akiwa bado kijana mdogo, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuingia katika dini hii. Alihajiri kwenda Uhabeshi, kisha Madina, na akahudhuria vita vya Badr, Uhud na vyenginevyo pamoja na Mtume (SAW). Siku ya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), Mtume (SAW) alipotaka mtu wa kumletea habari za Banu Quraydha, aliitika Zubayr. Akauliza tena, akaitika yeye. Na mara ya tatu pia akawa ni yeye. Hapo Mtume (SAW) akabainisha kwamba kila Nabii ana msaidizi wake wa karibu, na wake yeye ni Zubayr. Tena ni mmoja wa wale Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo wangali hai.

Alianza na farasi mmoja

Asidhani msomaji kwamba Zubayr alizaliwa katika utajiri. Alipomuoa Bibi Asmaa binti Abubakar (RA), hakuwa na mali ya kutajika wala mtumishi, isipokuwa ngamia wa kutekea maji na farasi wake. Bibi Asmaa mwenyewe ndiye aliyesimulia habari hizi. Alikuwa akimlisha farasi, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi na kukanda unga. Na kwa kuwa hakuwa hodari wa kuoka mkate, majirani zake wanawake wa Kiansari, ambao aliwasifu kwa ukweli wao, walikuwa wakimuokea.

Mtume (SAW) akampa Zubayr kipande cha ardhi nje ya mji. Bibi Asmaa alikuwa akienda huko kwa miguu, umbali wa thuluthi mbili za farsakhi, yaani zaidi ya kilomita tatu, na kurudi na kokwa za tende kichwani kwa ajili ya chakula cha mnyama, mpaka baba yake alipompelekea mtumishi wa kumpunguzia kazi. Basi mali ya nyumba ile ilisimama juu ya jasho la mume na mke, na ni vyema wanaume wanaoandika kila kiwanja kwa jina lao peke yao wakalikumbuka hilo.

Kumiliki ardhi hakukosi mitihani ya ujirani. Zubayr alihitilafiana na Muansari mmoja juu ya mfereji wa maji wa Harra uliokuwa ukinywesha mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa la juu. Mtume (SAW) alipoletewa shauri hilo alimwelekeza Zubayr anyweshe shamba lake kisha ayaachie maji yamfikie jirani yake. Muansari hakuridhika, akadai kwamba hukumu imempendelea Zubayr kwa ajili ya ujamaa. Uso wa Mtume (SAW) ukabadilika, na akamuamuru Zubayr achukue haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafike kwenye kuta za mashina ndipo ayaachie. Wanazuoni wanaeleza kuwa hukumu ya mwanzo ilikuwa ya suluhu na ihsani kwa jirani, na ya pili ilikuwa ya haki yenyewe. Anayeikataa suluhu nzuri hutokea akapata chini ya kile alichopewa kwa wema.

Mlinzi wa mali za watu

Miaka ilipita, na Allah (SW) akamfungulia Zubayr milango ya riziki. Hakupata kushika ugavana wala ukusanyaji wa kodi. Alichokipata kilitokana na biashara na fungu lake katika jihadi pamoja na Mtume (SAW), kisha pamoja na Abubakar, Umar na Uthman (RA). Alikuwa katika jeshi lililofungua Misri katika ukhalifa wa Umar (RA). Alipofariki alikuwa na nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri. Zaidi ya hizo alikuwa na ardhi, na kubwa yake ni ile iitwayo Al-Ghaba, nje ya Madina, aliyoinunua kwa 170,000.

Watu walimuamini. Imesimuliwa kuwa Masahaba wakubwa, akiwemo Uthman bin Affan na Abdullah bin Mas'ud (RA), walimuusia asimamie mali na watoto wao baada yao, naye akawa anawalisha mayatima hao kutoka mfukoni mwake ili kuyahifadhi mali yao. Na mtu wa kawaida alipomletea fedha amuwekee amana, Zubayr alikataa kuipokea kama amana, akamtaka amkopeshe, kwa kuwa alichelea isije ikapotea.

Hapa pana fiqhi nzito, ndugu msomaji. Amana ikipotea bila ya uzembe wa aliyeiweka, sheria haimlazimishi kulipa, na hasara ni ya mwenye mali. Lakini deni halipotei; liko shingoni mwa mdaiwa hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo Zubayr alijitwisha yeye dhamana ili mwenye fedha alale usingizi, naye akapata ruhusa ya kuitumia fedha ile katika shughuli zake. Hivi ndivyo deni lake lilivyokua, mpaka alipokufa lilifikia 2,200,000. Halikuwa deni la israfu wala la anasa.

Wasia wa siku ya Jamal

Mwaka wa 36 Hijria (656) ikatokea fitna ya Vita vya Jamal karibu na Basra. Sisi Ahlus-Sunna tunazizuia ndimi zetu katika yaliyopita baina ya Masahaba, na tunawaombea radhi wote. Siku hiyo Zubayr alimwita mwanawe Abdullah (RA), akamweleza kwamba anaona atauawa hali ya kudhulumiwa, na kwamba hamu yake kubwa kabisa ni deni lake. Akamuusia auze mali yao alilipe. Kitakachobaki baada ya deni, thuluthi yake iwe ni wasia, na sehemu ya thuluthi hiyo iwaendee watoto wa Abdullah. Kisha akamwambia kwamba akishindwa na chochote katika deni hilo aombe msaada kwa Mola wake. Kijana hakufahamu ni bwana yupi anayekusudiwa, akauliza. Baba akamjibu kuwa ni Allah. Abdullah alikuja kusimulia kwamba kila alipokwama katika deni lile alimuomba Mola wa Zubayr amlipie, na njia ilifunguka.

Zubayr alijitenga na vita vile, akaondoka, na akauawa kwa hila mahali paitwapo Wadi As-Sibaa. Mji wa Az-Zubayr, kusini mwa Iraq, unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hakuacha dinari wala dirhamu taslimu. Aliacha ardhi na majumba.

Shauri la watu wa ardhi

Huu ndio mtihani unaowafika warithi wengi: mali ipo, lakini iko ardhini, na wadai wanataka fedha. Mrithi mwenye papara humkimbilia dalali wa kwanza na kuuza kwa bei ya kutupa. Abdullah bin Zubayr (RA) hakufanya hivyo. Alishauriana na watu wazima waliokuwa na uzoefu wa mali.

Mmoja wao alikuwa Hakim bin Hizam (RA), binamu yake Zubayr. Huyu ndiye aliyeuza Darun-Nadwa, nyumba mashuhuri ya Makka, kwa 100,000, akalaumiwa kwa kuuza fahari ya Makuraishi, na thamani yake yote akaitoa sadaka. Hakim alimuuliza kijana kiasi cha deni. Abdullah alitaja 100,000 tu. Na wanazuoni wameeleza kuwa huko hakukuwa kusema uongo, kwani alitaja sehemu na kuisitiri sehemu. Hakim aliona hata hicho ni kizito. Abdullah alipomuuliza ingekuwaje kama deni ni 2,200,000, mzee yule alisema hadhani kama wataliweza, akamtaka arudi kwake kuomba msaada iwapo watashindwa.

Abdullah akaigawa Al-Ghaba mafungu 16, kila fungu 100,000, akatangaza kwamba kila anayemdai Zubayr amfuate huko. Akaja Abdullah bin Ja'far (RA), aliyekuwa akidai 400,000. Kwanza alijitolea kulisamehe deni lote, Abdullah akakataa. Akajitolea kusubiri alipwe mwisho, akakataa pia. Ndipo akaomba akatiwe ardhi, na akaonyeshwa mipaka yake, kutoka hapa hadi pale. Abdullah aliuza katika mali ile mpaka akalikamilisha deni, na katika Al-Ghaba yakabaki mafungu manne na nusu.

Akayapeleka kwa Muawiya (RA), ambako walikuwapo pia Amr bin Uthman, Mundhir bin Zubayr na Ibn Zam'a. Muawiya akauliza bei na kilichobaki. Hakuna aliyedharau wala kupunja, kwani bei ilikuwa imeshajulikana na watu wote. Mundhir akachukua fungu, Amr akachukua fungu, Ibn Zam'a akachukua fungu, na Muawiya akalimaliza fungu moja na nusu lililobaki kwa 150,000. Ardhi iliyonunuliwa kwa 170,000 ikawa imeuzwa kwa 1,600,000. Abdullah bin Ja'far naye, aliyeridhia ardhi badala ya fedha, baadaye alimuuzia Muawiya fungu lake kwa 600,000.

Miaka minne ya kungoja

Deni lilipokwisha, watoto wa Zubayr walimtaka kaka yao awagawie mirathi. Abdullah akaapa kwamba hatagawa mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija kwamba yeyote anayemdai Zubayr ajitokeze alipwe. Kwa nini Hija? Kwa sababu ndipo walipokutana watu wa Basra, Kufa, Misri na Hijazi, ambako marehemu alikuwa na shughuli. Kila mwaka alinadi. Miaka minne ilipotimia, akatoa thuluthi ya wasia, kisha akagawa. Zubayr aliacha wake wanne, na kila mmoja alipata 1,200,000.

Tufikirie jambo hilo, ndugu zangu. Warithi walikuwa na njaa ya haki yao, na haki yenyewe ilikuwa kubwa. Lakini haki ya mdai asiyejulikana, pengine mjane wa mbali aliyeweka vidinari vyake kwa Zubayr, ilitangulizwa mbele ya haki yao. Na ndivyo Qur'ani ilivyopanga katika Suratun-Nisaa: mirathi huja baada ya wasia na deni.

Haifai kumaliza bila kutaja wakfu wake. Katika nyumba alizoziweka wakfu, Zubayr alishurutisha kuwa binti yake atakayeachika na kurudi nyumbani ana haki ya kukaa humo, bila kudhuru wala kudhuriwa, na akijitosheleza kwa mume basi haki hiyo huondoka. Ni mabinti wangapi leo wanaorudi kwa wazazi na watoto mkononi, wakakuta kaka amepangisha kila chumba? Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walioacha nyumba za wakfu walikuwa wakifuata nyayo hizi.

Ndugu Waislamu, kila mwenye nyumba au kiwanja ayaandike madeni yake leo, kama inavyoamrishwa katika Suratul-Baqara aya ya 282, pamoja na majina, kiasi na mashahidi. Hati ziwekwe mahali ambapo mke na watoto wanapajua. Mipaka ionyeshwe majirani wakiwa hai. Msimamizi wa mirathi asiuze kabla ya kuuliza bei kwa watu watatu au wanne wenye ujuzi na uchaji Mungu, wala asione haya kumpa mdai ardhi badala ya fedha ikiwa wote wameridhia. Na kabla ya kugawa, litolewe tangazo msikitini, sokoni na popote marehemu alipofanya shughuli, na wadai wapewe muda wa kutosha kujitokeza.

Tunamuomba Allah (SW) amridhie Zubayr na Masahaba wote, atulipie madeni yetu kabla ya mauti, na azijaalie nyumba zetu kuwa sababu ya kuunga udugu, zisiwe sababu ya kuukata. Amin.

Wabillahi tawfiq.