Ladi Kwali: Mikono ya mfinyanzi iliyofika kwenye noti

WAFANYABIASHARA wengi wanaofika Nigeria hupokea noti ya Naira 20 bila kumfahamu mwanamke aliye upande wa nyuma, akifinyanga mtungi.

Huyo ni marehemu Ladi Kwali, mfinyanzi mashuhuri wa nchi hiyo. Picha yake ilianza kuonekana kwenye noti hiyo mwaka 2007, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake.

Alizaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, katikati ya Nigeria, miongoni mwa Wagbari, ambao kwao kufinyanga ni kazi ya wanawake. Alifundishwa na shangazi yake tangu utotoni.

Ladi hakuhitaji gurudumu. Alianza na bonge la udongo, akalibonyeza kwa ngumi, kisha akapandisha kamba nene za udongo moja juu ya nyingine. Mtungi ulitulia chini, yeye akauzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo wa miguu ndio ulioupa uviringo.

Kabla haujakauka aliuchora mijusi, nge, mamba na vinyonga, akabingirisha juu yake kijiti chenye nakshi. Kisha ulichomwa kwa moto wa wazi.

Mitungi yake ilipendwa hata ikafika nyumbani kwa Emir wa Abuja. Huko ndiko Mwingereza Michael Cardew, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuendeleza ufinyanzi, alikoiona.

Cardew alianzisha kituo cha mafunzo mjini Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lengo lilikuwa kufundisha matumizi ya gurudumu na tanuri la moto mkali. Ladi alijiunga mwaka 1954, akawa mwanamke wa kwanza kufundishwa hapo.

Alijifunza gurudumu na kutengeneza mabakuli. Hata hivyo, mitungi mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono kama alivyofundishwa nyumbani, na ni hiyo iliyokipa kituo hicho sifa.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama yake. Mtungi wa kijijini hupoza maji kwa kuwa unyevu hupenya nje. Ule wa Abuja, uliopakwa rangi ya kung'aa kama kioo na kuchomwa kwa joto kali, haupozi. Hivyo chombo cha jikoni kikageuka pambo la sebuleni na la makumbusho.

Mwaka 1958 kazi zake zilioneshwa London, na mwaka 1972 alizunguka Marekani akifinyanga mbele ya watazamaji. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, ingawa hakupata elimu ya darasani.

Afrika Mashariki nayo ilinufaika. Mwaka 1974 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kujifunza katika kituo hicho na kumkuta Ladi. Odundo amejipatia jina duniani kwa mitungi anayoijenga kwa mkono, bila gurudumu.

Ladi Kwali alifariki dunia Agosti 12, 1984 mjini Minna. Mji wa Abuja aliofanyia kazi sasa unaitwa Suleja, baada ya jina lake kupewa makao makuu mapya ya nchi. Kituo cha ufinyanzi nacho kilipewa jina la mama huyo wa kijijini, aliyeingia humo kama mwanafunzi akiwa tayari ni fundi.