SIMU ILIYOKUWA KARIBU NA BAA

Kijana mwenzangu, unamjua Bill Wilson? Pengine jina hujawahi kulisikia. Lakini kama umewahi kunywa siku tatu mfululizo pale Unga Limited, asubuhi ukaapa hutagusa tena, na jioni ukajikuta umeshika glasi, basi mtu huyu mnafahamiana.

Alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, huko Marekani. Wazazi waliachana akiwa bado mtoto, akalelewa na babu na bibi. Wako wangapi hapa Meru waliokua hivyo! Pombe alianza kuinywa mwaka 1917, akiwa ofisa kijana wa jeshi, kwenye sherehe. Alikuwa mtu wa haya, na glasi ile ikamfungua mdomo, akajiona naye ni mtu kati ya watu. Hapo ndipo wengi hunaswa, jamani. Mtego haukuwekwa kwenye uchungu wa pombe, umewekwa kwenye utamu wake.

Mwaka 1918 alimwoa Lois. Akapata fedha nyingi kwenye soko la hisa la New York, na mwaka 1929 soko likaanguka naye akaanguka nalo. Mke akawa anauza dukani, mume anamwibia pesa mkobani akanywe. Alilazwa hospitali, akatoka, akanywa, akarudishwa tena. Daktari mmoja, Silkworth, alimweleza kuwa huu ni ugonjwa: mwili wake ukipata tone moja hauwezi kusimama. Alielewa vizuri kabisa. Akanywa tena.

Mwishoni mwa 1934 alitembelewa na rafiki yake wa ulevi, Ebby, akiwa mkavu na macho meupe, ameokolewa na watu wa maombi. Bill alimcheka moyoni. Lakini Desemba mwaka huo, kitandani hospitalini, alimlilia Mungu, na alisimulia kwamba chumba kilijaa nuru. Hakunywa tena.

Sisi wahubiri tungependa kuishia hapo tupige haleluya. Maisha yake hayakuishia hapo.

Mei 1935 alisafiri kikazi hadi mji wa Akron, jimbo la Ohio. Biashara ikavunjika, wenzake wakaondoka. Akabaki peke yake kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower, mfukoni hana kitu cha maana. Upande mmoja baa, kelele na vicheko vinamwita. Upande mwingine simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji. Hebu jiweke pale! Miezi mitano tu hajanywa, na hakuna anayemjua.

Akaenda kwenye simu. Alimpigia mchungaji asiyemfahamu, akamwomba amtafutie mlevi wa kuzungumza naye. Siyo mtu safi wa kumwonya, la, mlevi! Alishagundua kwamba akiongea na mlevi mwenzake, kiu yake mwenyewe inatulia.

Kesho yake, tarehe 12 Mei, akakutanishwa na Dokta Bob Smith, mpasuaji ambaye mikono yake ilitetemeka bila kileo. Daktari alikubali dakika 15 tu, maana kichwa kilikuwa kinamgonga. Wakakaa zaidi ya saa sita. Bill hakumhubiria, alimsimulia ya kwake. Dokta Bob aliteleza mara moja, na asubuhi ya tarehe 10 Juni Bill mwenyewe alimpa bia ya kuzimua ili mikono itulie akampasue mgonjwa. Ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wakamfuata wa tatu hospitalini, wakawa kundi. Mwaka 1939 wakatoa kitabu, Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, na kundi likaitwa vivyo hivyo: AA. Lois naye mwaka 1951 alisaidia kuanzisha kundi la wake na ndugu wa walevi.

Sasa wewe unaogopa kwenda kwenye mkutano kama huo, utaonekana. Sikiliza. Hakuna kuandikishwa, hakuna kiingilio. Unataja jina lako la kwanza tu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ya mle hayatoki nje. Anayetakiwa ni mtu anayetaka kuacha, basi.

Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini gongo haijaisha, na mbege bado inachemka kwenye migomba. Kama unakunywa kila siku, usikate ghafla peke yako, unaweza kupata degedege. Nenda Mount Meru hospitali au zahanati ya karibu, mwambie daktari ukweli, umuulize na wenye mikutano wako wapi. Ukikosa, mtafute mmoja aliyechoka kama wewe, awe wa Poli, Akheri au Ngaramtoni, mkae chini mkasimuliane. AA yenyewe inawahesabu wawili watatu waliokusanyika ili wasinywe kuwa ni kundi.

Bill alihudhuria na kuhangaikia makundi hayo miaka 35. Mwishoni mapafu yalikuwa yameharibiwa na sigara, yuko kitandani, akawaomba manesi wampe whisky. Baada ya miaka yote ile! Hawakumpa. Alifariki Miami, tarehe 24 Januari 1971, akiwa hajanywa.