Gideoni: Shujaa Aliyeishinda Hofu, Asiishinde Dhahabu

Wahubiri wetu wanampenda Gideoni, na si ajabu. Ni nani asiyeguswa na habari za watu 300 wenye mitungi, mienge na tarumbeta waliolitimua jeshi lisilohesabika kwa usiku mmoja? Kisa hicho husimuliwa makanisani, katika mikutano ya hadhara na katika kambi za vijana, na aghalabu hukomea pale adui anapotoka mbio akipiga mayowe. Waumini huitikia Amina, wakaenda zao. Lakini mwandishi wa kitabu cha Waamuzi hakukomea hapo. Aliendelea kuandika, na yale aliyoyaandika baadaye ni mazito mno, hata naona twamdhulumu msikilizaji, na kumdhulumu Gideoni mwenyewe, tunapoufunga ukurasa mapema.

Gideoni alikuwa mwana wa Yoashi, wa ukoo wa Abiezeri katika kabila la Manase, mkaazi wa Ofra. Wataalamu wengi huviweka visa vya zama hizo karibu na karne ya 12 kabla ya kuzaliwa Kristo, wakati ambapo Waisraeli hawakuwa na mfalme wala jeshi la kudumu, kila kabila likijilinda lenyewe. Kwa muda wa miaka 7 Wamidiani, wakifuatana na Waamaleki na watu wengine wa mashariki, walizoea kuvuka mto Yordani na ngamia wao wakati mazao yako mashambani. Walipiga kambi, wakalisha mifugo yao, wakaiharibu nchi mpaka Gaza, wasiache kondoo wala ng'ombe wala punda. Ngamia ndiye aliyewapa nguvu, kwa maana mkulima aendaye kwa miguu hawezi kumfuata mvamizi aliyekwisha kutokomea jangwani. Wenyeji wakakimbilia mapangoni na milimani, wakawa wanaangamizwa kwa njaa polepole, mwaka baada ya mwaka, bila hata ya vita kupiganwa.

Hapo ndipo tunapomkuta shujaa wetu, naye amejificha. Ngano kwa desturi ilipurwa mahali peupe palipoinuka, ng'ombe wakiikanyaga na upepo ukiyapeperusha makapi. Gideoni aliipura yake kwa fimbo ndani ya shinikizo la zabibu, mahali palipofichika ambapo adui hangeliona vumbi. Yeyote aliyewahi kupepeta nafaka pasipo na upepo aijua adha ya kazi hiyo. Malaika wa Bwana alimkuta papo hapo, akamsalimu kwa kumwita shujaa. Wako wanaoona kama dhihaka katika salamu ile. Gideoni hakuipokea kwa furaha. Aliuliza, ikiwa Mungu yu pamoja nao, ni kwa nini basi wamepatwa na haya yote, na iko wapi ile miujiza waliyosimuliwa na baba zao? Yafaa tukumbuke kwamba swali hilo halikukemewa. Alijitetea pia kwamba ukoo wake ni maskini kuliko wote katika Manase, na kwamba yeye ni mdogo katika nyumba ya baba yake. Utetezi huu una walakini kidogo, maana muda si muda twaambiwa kwamba kijana huyu mnyonge alikuwa na watumishi wasiopungua 10. Mahali pale akajenga madhabahu, akaiita kwa jina la Bwana aliye amani.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kupigana na Wamidiani. Aliamriwa kubomoa madhabahu ya Baali na kuikata Ashera iliyokuwa kando yake, na madhabahu hiyo ilikuwa ya baba yake mzazi. Naona hapa pana jambo ambalo mashujaa wengi hulikwepa, kwani ni rahisi zaidi kumkemea adui wa ng'ambo ya mto kuliko kuigusa sanamu iliyo uani kwenu. Gideoni alitii, lakini alitii usiku, kwa kuwaogopa jamaa zake na watu wa mji. Mwandishi wa Waamuzi halifichi jambo hilo wala halitolei udhuru. Kulipopambazuka wenyeji walitaka auawe. Aliyemwokoa ni Yoashi, mwenye madhabahu yenyewe, aliyewajibu kwamba kama Baali ni mungu kweli, basi na ajitetee mwenyewe. Hata hivyo ndipo Gideoni alipopata jina lake la pili, Yerubaali.

Jina hilo lilirudi kutajwa katika siku zetu. Mwaka 2021 wachimbuzi wa mambo ya kale nchini Israeli walitangaza kwamba huko Khirbet er-Ra'i, karibu na Lakishi, vilipatikana vigae vya chombo cha udongo vyenye jina Yerubaali lililoandikwa kwa wino, vikikadiriwa kuwa na umri wa miaka 3,100 hivi. Wataalamu hao wenyewe walionya kwamba huenda ni Yerubaali mwingine, kwa kuwa mahali hapo pako mbali na bonde la Yezreeli. Tusiharakishe kuwasemea zaidi ya walivyosema.

Gideoni alipopiga tarumbeta walimjia watu kutoka Manase, Asheri, Zabuloni na Naftali. Bado moyo wake haukutulia. Alimwomba Mungu ishara ya ngozi ya kondoo, kwamba ngozi ilowe umande na ardhi iwe kavu. Alipoipata akaomba tena kinyume chake. Kisha wakapiga kambi kwenye chemchemi ya Harodi, watu 32,000, adui akiwa bondeni upande wa kaskazini. Huko likaja agizo la ajabu, kwamba watu hao ni wengi mno, wasije wakajisifu kuwa mkono wao wenyewe ndio uliowaokoa. Kila mwenye hofu akaruhusiwa kurejea kwake. Ruhusa hiyo haikuwa jambo geni, kwa sababu torati ya Musa ilikwisha kuagiza kwamba mtu mwoga arudi nyumbani asije akaiyeyusha mioyo ya wenzake. Wakaondoka 22,000. Wale 10,000 waliosalia wakapunguzwa tena majini, na waliobaki ni wale 300 walioramba maji kwa kuyapeleka kinywani kwa mkono. Nimewasikia wahubiri wakieleza kwamba hao ndio waliokuwa macho kuliko wenzao. Maandiko hayasemi hivyo, nami sioni haja ya kuyaongezea.

Lipo jambo jingine la usiku huo ambalo hutajwa kwa nadra. Mungu alimwambia Gideoni ashuke kambini kwa adui, na kama anaogopa kushuka, kwanza aende na mtumishi wake Pura akasikilize wanayoyasema. Gideoni akaenda na Pura. Maana yake ni wazi: alikuwa anaogopa. Amiri jeshi aliyewaruhusu watu 22,000 kurudi makwao kwa sababu ya hofu, yeye mwenyewe alikuwa na hofu ileile. Tofauti yake na wale walioondoka ni kwamba yeye alibaki, na kwamba hakujidai kuwa haogopi. Huko chini akamsikia askari wa Midiani akimsimulia mwenzake ndoto ya mkate wa shayiri ulioviringika ukaipiga hema hata ikapinduka, na mwenzake akiifasiri kuwa ni upanga wa Gideoni. Kumbe adui naye hakuwa amelala kwa amani. Gideoni akasujudu, akarudi akiwa mtu mwingine.

Mpango wake wa vita ulikuwa wa akili nyingi. Aliwagawa watu wake vikosi 3 vya watu 100, kila mmoja akiwa na tarumbeta na mtungi mtupu wenye mwenge ndani. Walifika kandokando ya kambi mwanzo wa zamu ya kati, walinzi wakiwa ndio kwanza wamebadilishana, macho yao hayajazoea giza. Mitungi ikavunjwa kwa pamoja, mienge ikachomoza, tarumbeta 300 zikalia kutoka pande zote. Mtu aliyegutushwa usingizini angedhani kila tarumbeta ina kikosi nyuma yake. Wamidiani wakageuziana panga wao kwa wao, wakakimbia kuelekea Yordani. Mtungi na mwenge ni nembo hata leo ya chama cha Wagideoni, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1899, ambacho vitabu vyake vidogo vya Agano Jipya wengi wetu tulivipokea shuleni. Na katika Agano Jipya lenyewe Gideoni ametajwa mara moja tu, ndani ya Waraka kwa Waebrania, katika orodha ya watu wa imani. Hiyo ni heshima yake, nayo hapana awezaye kumpokonya.

Hapa ndipo mahubiri hukoma, na hapa ndipo mimi nataka kuendelea.

Mwanzoni mambo yalikuwa mema. Watu wa Efraimu walipomjia kwa hasira, wakilalamika kwamba hawakuitwa vitani, Gideoni aliwajibu kwa upole, akiitukuza kazi yao ya kuwaua wakuu wa Midiani, Orebu na Zeebu, kuliko yake mwenyewe. Ghadhabu yao ikatulia. Lakini alipovuka Yordani akiwafuata wafalme Zeba na Salmuna, watu wake 300 wakiwa hoi kwa uchovu na njaa, wenyeji wa Sukothi walimnyima mkate, na wa Penueli vivyo hivyo. Yamkini waliogopa kisasi cha Midiani endapo angeshindwa. Watu hawa nao walikuwa na hofu yao. Gideoni, aliyepura ngano mafichoni, hakuwasamehe. Aliporejea na ushindi, baada ya kulivamia huko Karkori jeshi la watu 15,000 waliosalia kati ya 135,000, aliandikiwa majina 77 ya wakuu na wazee wa Sukothi, akawaadhibu kwa miiba ya nyikani. Mnara wa Penueli akaubomoa, na wanaume wa mji akawaua.

Kisha yakafuata maneno yanayofunua mengi. Aliwauliza Zeba na Salmuna habari za watu waliowaua huko Tabori. Walipowaeleza sura zao, Gideoni alisema kwamba hao walikuwa ndugu zake, wana wa mama yake, na kwamba lau wangaliwaacha hai, naye asingaliwaua. Twajifunza kwa kuchelewa kwamba safari ile ndefu ng'ambo ya mto ilikuwa pia na deni la damu ndani yake. Akamwita Yetheri, mwanawe wa kwanza, akamwamuru awaue wafalme wale wawili. Kijana hakuufuta upanga wake, kwa kuwa aliogopa, naye alikuwa bado mtoto. Baba ambaye hofu yake mwenyewe ilivumiliwa na Mungu kwa saburi, mara kwa umande na mara kwa ndoto, hakumsemesha mwanawe neno lolote la kumtia moyo, au kama alimsemesha, halikuandikwa. Alisimama, akawaua mwenyewe, akatwaa vidani vilivyokuwa shingoni mwa ngamia wao.

Waisraeli wakamtaka awe mfalme wao, yeye na mwanawe na mjukuu wake. Alikataa, akasema kwamba Bwana ndiye atakayewatawala. Jibu zuri kuliko hilo halipatikani katika kitabu kizima cha Waamuzi. Lakini papo hapo, kabla hata shangwe hazijapoa, akaomba ombi moja: kila mtu ampe herini za dhahabu alizoziteka. Wakatandaza nguo wakazitupia hapo, zikafika shekeli 1,700, yaani uzito wa kilo 19 hivi kwa vipimo vyetu, mbali na vidani na mavazi ya zambarau ya wafalme. Kwa dhahabu hiyo akatengeneza naivera, vazi la kikuhani, akaiweka mjini kwake Ofra. Israeli wote wakaifuata kuiabudu, ikawa tanzi kwa Gideoni na kwa nyumba yake. Mtu aliyebomoa sanamu ya babaye usiku akitetemeka, sasa aliisimamisha yake mchana kweupe, wala hapakuwa na wa kumtisha. Wahenga walikwisha kumtaja mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji.

Aliishi kifalme. Alikuwa na wake wengi na wana 70, na huko Shekemu akawa na suria aliyemzalia mtoto wa kiume. Mtoto huyo alimwita Abimeleki, jina ambalo maana yake ni kwamba baba yangu ni mfalme. Si lazima msomaji asafiri hadi Ofra ya kale kumtafuta mtu anayekikataa cheo kwa kinywa na kukipokea kwa mikono miwili.

Nchi ilistarehe miaka 40, na hilo si jambo dogo kwa watu waliokuwa wakiishi mapangoni. Gideoni akafa katika uzee mwema, akazikwa kaburini mwa baba yake Yoashi. Mara tu alipokwisha kuzikwa, Waisraeli wakamrudia Baali, wala hawakuitendea wema nyumba yake. Abimeleki akaenda Shekemu kwa ndugu za mama yake, akapewa vipande 70 vya fedha kutoka nyumba ya Baal-berithi, akaajiri watu ovyo wasio na kazi. Akaenda nao Ofra, nyumbani kwa baba yake, akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Aliyeokoka ni Yothamu peke yake, mdogo wao wote, kwa kuwa alijificha.

Yetheri, yule mzaliwa wa kwanza aliyeogopa kuufuta upanga, hatajwi tena kwa jina. Bila shaka alikuwa miongoni mwa waliolazwa juu ya jiwe hilo, katika mji uleule ambamo madhabahu ya Bwana aliye amani, aliyoijenga baba yake katika siku zile za shinikizo la zabibu, ilikuwa bado imesimama.